Kifurushi cha bustani ya skuli: miche nyota tatu, bibi na babu zetu nyota tano

Haya jamani, kwa vile kila nikishuka sokoni Wete lazima nikutane na mtu wa kamati ya skuli nyengine aniulize "vipi kile kifurushi cha bustani mlichochukua, kinafaa?", na mie nimechoka kuhadithia kisa kile kile nimesimama na kapu mkononi samaki wananiharibikia, naandika mara moja alafu kila anaeuliza ntamtumia hii asome mwenyewe.

Sisi ni skuli ya msingi ya kawaida tu huku Pemba. Nyuma ya madarasa kuna kipande cha ardhi ambacho miaka yote kilikuwa cha mbuzi. Vuli iliyopita kamati ikaamua pale pawe na bustani ya mboga na mie ndo nliebebeshwa kusimamia, kosa langu nilisema "mie naona" kwenye kikao, na ukishasema mie naona bas kazi yako hiyo. Tukachukua kifurushi kwa vijana fulani wanaouza miche, jina silitaji mana nna malalamiko yangu humu na sitaki kesi na mtu.

Bei ilikuwa laki tatu na elfu ishirini, usafiri juu yao. Unapata miche mia mbili (tungule yaani nyanya, bilingani, pilipili boga), paketi za mbegu za mchicha na bamia, magunia manne ya samadi, keni moja ya kumwagilia, mpira wa maji mita 30, mwalimu wa kilimo anakuja mara mbili, na mwisho kabisa kwenye karatasi yao imeandikwa "siku ya wazee". Sa huku kwetu mnajua wenyewe, mtu akisema wazee wa mwanafunzi anakusudia baba na mama, kwa hiyo nikajua ni kikao cha wazazi, na vikao tunavyo mpaka tunalala navyo. Nikawaambia kabisa hiyo siku itoeni mnipunguzie elfu hamsini. Wakakataa, wakasema haikatwi, bei ni moja. Nilikasirika siku ile. Leo nasema alhamdulillahi hawakunisikiliza.

Kumbe wao wanakusudia bibi na babu. Wajukuu waje na bibi zao na babu zao skuli, na mkulima yeyote wa mtaani anaetaka, washiriki kwenye bustani.

Nianze na miche kwanza mana ndo mnayoiulizia. Ililetwa saa saba mchana, nyuma ya pikapu, haikufunikwa hata na kuti. Jua lile mnalijua. Bilingani na pilipili boga zilikuwa nzuri, shina nene, majani ya kijani kweli, hapo sina neno. Tungule ndo mtihani. Imerefuka, shina jembamba kama uzi, imelala upande, babu mmoja jirani aliepita akasimama akaitazama akasema "hii imekaa kivulini ikitafuta jua mpaka imechoka", akaenda zake. Wiki ya kwanza ikafa miche 31, niliihesabu. Nikapiga simu, hawakubishana, wakaleta mengine 20 baada ya siku tisa na hii mara ya pili ilikuja jioni na imefunikwa. Kwa hiyo hapo nawapa haki yao, wanarekebisha, japo 31 na 20 si sawa.

Samadi, magunia mawili safi, imeoza vizuri, nyeusi, haina harufu. Mawili mengine mabichi. Mama yangu (yeye ni bibi wa watoto wangu wawili pale skuli, ntamtaja sana) alitia mkono ndani ya gunia akautoa mbio, akasema "hii bado yachemka, mkiitia leo mwaunguza mizizi". Tukairundika chini ya mwembe, tukaifunika makuti, tukaja kuitumia baada ya miezi miwili. Fungueni magunia kabla hamjatia saini risiti.

Sasa hiyo siku ya wazee. Wenyewe vijana wanavyoifikiria ni hivi: wazee waje saa tatu asubuhi, wakae kitako kwenye viti, mwalimu wa kilimo asomeshe, wapigwe picha na wajukuu wameshika miche, soda na maandazi, kwaherini. Wakasema tutarajie wazee kumi. Wakaja 23! Mie sikushangaa sana nilipofikiri vizuri, watoto wengi pale wanalelewa na bibi zao, baba yuko Unguja, mama yuko Dar anafanya biashara, hata kwenye vikao vya wazazi wanaokuja ni bibi. Viti havikutosha tukatoa madeski, na mabibi wengine wakakataa madeski wakatandika mkeka chini ya mwembe, na hapo ndo darasa likahamia kwenye mkeka bila mtu kuamrisha.

Yule mwalimu ni kijana kasoma kilimo, ana adabu, nampenda, lakini alikuja na projekta na umeme hakuna. Bas akaanza kueleza kwa mdomo kwamba matuta tuyafanye ya kuzama, yaani vishimo bapa vya kushika maji, mana mboga zinataka maji. Kuna babu mmoja, mtu wa kulima mpunga bondeni maisha yake yote, alikuwa kimya muda wote. Akainuka, akaenda kwenye kiwanja, akachukua fumba la udongo, akatia maji kidogo kutoka kwenye keni, akaukanda kiganjani kama unga wa maandazi. Akaufanya kamba nyembamba ya kidole. Alafu ile kamba akaikunja duara kama pete, haikupasuka hata ufa mmoja. Akamuonesha kijana akasema, "Mwanangu, hii kinamo, udongo wa kunata. Ingekuwa kichanga isingejikunja, na ingekuwa kinongo, udongo wa kati na kati, ingepasuka. Hapa maji hayaendi, yanatuama. Ukizamisha matuta mvua za vuli zikishuka miche yaoza."

Yule kijana, na hapa ndo nilipompenda, hakubisha. Akacheka akasema "babu, hiki kipimo tumesomeshwa chuoni, mie nimesahau kukifanya". Watoto wote wakataka kutengeneza pete za udongo. Mwisho tukapatana matuta manne yawe bapa kama alivyosema mwalimu, yaliyobaki yainuliwe juu na mifereji ielekee bondeni. Wiki mbili baadae ikanyesha siku tatu mfululizo. Yale manne yalikuwa vidimbwi, vyura wamo. Ya juu yalisimama vizuri. Sihitaji kusema zaidi.

Kitu chengine ni kupima kwa shubiri, yaani kiganja kilichotanuliwa. Mwalimu alikuja na tepu, bamia zikae sentimita 45. Mama yangu yeye anapanda shubiri mbili, mbegu tatu kila shimo, hana habari na tepu. Mtoto mmoja wa darasa la nne akauliza, bibi shubiri ya nani, yako au yangu? Wakapima. Ya bibi sentimita 21, ya mtoto 14. Kwa hiyo bibi anapanda 42, mwalimu 45, mtoto angepanda 28 na bamia zingebanana. Mwalimu wa hesabu alikuwa dirishani, kesho yake darasa zima linapima shubiri za nyumbani, za mama, za kaka, za babu, wanaandika, wanatafuta wastani. Hiyo haikuwemo kwenye kifurushi, ilikuja yenyewe.

Na mchunga jamani. Mwalimu wa kilimo aliwaambia watoto wang'oe magugu yote kabla ya kutia samadi. Wakang'oa kweli, wakarundika. Mabibi wawili wakaenda kwenye lile rundo wakaanza kuchambua na kutia kwenye kanga, watoto wanawacheka, bibi anaokota majani. "Mnacheka nini, hii si mchunga? Hii ndo mboga yenu." Nusu ya watoto hawaujui mchunga ukiwa ardhini, wanaujua ukiwa sahanini umepikwa na nazi, wanajua uchungu wake tu. Mwanangu mwenyewe aliniuliza jioni, mama kwani mchunga unaota wenyewe bure? Tukaacha tuta moja la mchunga, halikumwagiliwa, halikutiwa chochote, na ndo pekee halijawahi kutusumbua.

Isije mkadhani ilikuwa raha tupu lakini. Kuna mzee alikuja na kijiti, mtoto akikanyaga tuta anamchapa miguu, mpaka mwalimu mkuu akamvuta pembeni akamwambia kwa heshima babu hapa fimbo hatutumii, akanuna wiki nzima. Na mabibi wawili waligombana kwa sababu mmoja anasema bilingani haipandwi mpaka mwezi uwe mchanga na mwengine anasema hayo ni mambo ya kale, yeye anapanda siku yoyote na analila bilingani lake. Hawakusemeshana mpaka siku ya kuvuna.

Malalamiko yangu makubwa kwa kampani ni mbegu. Zile tungule ni chotara, na mbegu za bamia pia imeandikwa kwenye paketi F1, yaani chotara. Si mbaya, zinazaa sana kweli. Lakini mabibi wao wakiona tungule nzuri la kwanza kabisa kitu wanachofikiri ni kuweka mbegu, wanakamua, wanakausha juu ya gazeti, na hakuna mtu aliewaambia kwamba chotara ukipanda mbegu zake msimu wa pili hazitoki kama mama yao, zinatoka mchanganyiko, nyengine ndogo nyengine hazizai sawa. Ni mie niliyeuliza ndo nikaambiwa, tena kwa sauti ya chini. Si mngesema mapema? Skuli itabidi irudi kwenu kila msimu kununua, sawa, biashara ni biashara, lakini semeni. Mama yangu aliposikia akaenda nyumbani akashusha maganda ya bamia yaliyokuwa yananing'inia juu ya mafiga, meusi kwa moshi, akaja na mbegu amezifunga kwenye pindo la kanga, tukapanda mstari mmoja wa hizo pembeni ya zile za paketi. Za paketi zilitangulia kuzaa. Za mama zilichelewa kidogo lakini mbegu zake sasa ziko kwenye chupa ya skuli zimechanganywa na majivu na hatununui tena.

Wigo kwenye kifurushi hamna, kumbukeni. Mbuzi waliingia usiku wa pili. Mababu wakakata miti, wakafunga makuti, siku tatu wigo umesimama, senti haikutoka zaidi ya kamba na chai. Kuku bado wanapenya. Konokono hao ndo usiseme, lakini majivu yanasaidia kidogo mvua ikikaa mbali.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike, likizo. Fikirieni hesabu za hii biashara: unapanda mwezi wa kumi na vuli, mchicha unaukata wiki ya nne, bamia zinaanza kuzaa mwezi wa kumi na mbili, na tungule ndo zinaanza kuwiva, na hapo hapo skuli inafungwa, mvua inakatika, kaskazi inaingia na jua lake. Yaani bustani ya skuli inafikia wakati wa kutaka maji siku ile ile watoto wanapoondoka. Kampani wametupa ratiba ya kumwagilia, nzuri, imechapishwa kwa rangi, ina majina ya wanafunzi wa darasa la tano. Nikauliza, na likizo? Yule wa ofisini akanyamaza, akasema "mtapanga wenyewe". Laki tatu na ishirini halafu nipange mwenyewe.

Waliopanga ni wale wa kwenye mkeka. Nyumba sita zilizo karibu na skuli, kila nyumba siku yake, na siku ya saba anaejisikia. Bibi mmoja akauliza swali la maana, na mwagiliaji anapata nini? Mwalimu mkuu akasita kidogo, mboga za skuli, zikichumwa na watu wa nje maneno yatazuka. Sheha, mkuu wa serikali hapa mtaani, alikuwepo akasema iandikwe ijulikane: anaemwagilia siku hiyo anachuma mchicha na bamia za siku hiyo, tungule na bilingani ni za skuli. Na ni akili sana hii mana bamia usipoichuma siku mbili inakuwa kuni, haifai kwa mtu yeyote, na ukiiacha mti unalegea kuzaa. Kwa hiyo aliechuma kasaidia na kalipwa. Wajukuu wakawa wanakwenda na bibi zao kubeba ndoo, jioni jioni jua likishapoa, na wale wanaotoka chuoni na misahafu yao wanapita wanachungulia, wengine wanatua wanasaidia.

Ikaenda vizuri wiki tatu. Alafu karafuu. Mwaka huo zilizaa kwelikweli na zilikuwa bado zinachumwa, na mtu wa Pemba karafuu zikiwa mtini au majamvi yako nje jua linawaka huwezi kumwambia habari ya mchicha. Bibi anachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, mpaka usiku, babu yuko shamba, na mbingu ikionesha wingu kila mtu mbio kukusanya. Zamu zikalegea kama siku kumi na mbili hivi, tukapoteza mchicha wote na miche ya pilipili nusu. Sikumlaumu mtu, zile ndo pesa za ada za madrasa na sare za Januari. Lakini ni kitu cha kujua. Ukitaka kutegemea wazee waulize kwanza mwaka huu karafuu vipi, na kama zimezaa basi panda kidogo, au panda mihogo na mbaazi ambazo haziulizi maji kila siku. Hili nalo alinifundisha yule babu wa pete ya udongo, baada ya hasara, akasema nilidhani mwajua.

Kilichovunwa kwa jumla, tulipika siku moja skuli nzima wali na mchicha wa nazi kabla ya kufunga, tungule na bilingani tuliuza mtaani tukapata kiasi cha kununua keni mbili nyengine (moja haitoshi, watoto arubaini na keni moja ni vita), na mabibi hawajaacha kuja. Hiyo ya mwisho ndo sikuitegemea. Jumatano wanakuja wanne watano, hakuna soda hakuna picha, wanakaa kwenye mkeka wao, kila mmoja na watoto sita saba. Tuligundua zaidi ya hapo watoto wanacheza nyuma na bibi anachoka sauti.

Kwa hiyo ukiniuliza nichukue nisichukue. Miche nawapa nyota tatu, ingekuwa mbili lakini walirudisha. Samadi mbili na nusu. Mwalimu wao nne, kijana anasikiliza, mrudisheni. Siku ya wazee tano, lakini hizo tano si zao, ni za waliokuja, wao wenyewe kampani hawajui wanauza nini pale, wameiweka mwisho wa karatasi baada ya mpira wa maji. Mkiwachukua waambieni hiyo siku iwe ya kwanza kabla hata mche mmoja haujapakiwa, wazee waone ardhi, waseme kinamo au kichanga, waseme karafuu zipo au hazipo, alafu ndo mchague cha kupanda. Na mikeka andaeni nyinyi, viti vya kukodi ni kutupa pesa.

Ah, na mpira wa maji. Ulipasuka wiki ya tatu karibu na bomba, nikautia kipande cha mpira wa baiskeli nikafunga kamba, nikapiga simu. "Tunalishughulikia dada." Huu mwezi wa tano sasa, na kipande cha baiskeli bado kipo.